Unga wa uyoga na neno "unakinga"

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Vudee. Mama mdogo anajiandaa kwenda Moshi kwa mzunguko wa tatu wa dawa za saratani. Akanipa simu nimsomee tangazo: unga wa uyoga "unakinga DNA" isiharibiwe na dawa za hospitali, eti sayansi imethibitisha. Akaniuliza, "Mwanangu, ninywe?"

Kusema kweli, tangazo halikuzua yote. Uyoga, hamira na shayiri vina beta-glukani, sukari zilizoungana kama mnyororo mrefu. Zipo tafiti ambamo panya hupewa beta-glukani pamoja na siklofosfamaidi, dawa ya saratani inayoharibu DNA. Seli za uboho zikigawanyika na DNA iliyovunjika, vipande hubaki nje ya kiini. Mtafiti huvihesabu kwa hadubini. Vikipungua, anaandika: "inakinga". Wauzaji wanalidaka neno.

Ugomvi wangu ni na neno hilo. Siklofosfamaidi ikiingia mwilini haina makali bado. Lazima ini liibadilishe kwanza. Kitu kikizuia kazi hiyo ya ini, vipande vitapungua, lakini nguvu ya dawa nayo itapungua. Ukihesabu uboho peke yake, huwezi kujua lipi limetokea. Na mara nyingi panya hao hawana hata uvimbe! Sasa kilichokingwa ni seli nzima tu, au na saratani pia?

Si swali dogo. Miaka ya 1960 kule Kampala, Denis Burkitt na wenzake waliwapa dawa hii watoto wenye uvimbe wa taya, na uvimbe ukayeyuka. Uliyeyuka kwa sababu DNA ya seli za saratani iliharibiwa. Uharibifu huo ndio tiba.

Mtu atasema, mbona Japani waliidhinisha lentinani ya uyoga wa shiitake? Kweli, miaka ya 1980. Ila ile ni sindano iliyosafishwa na kupimwa dozi, hospitalini, si unga wa kukorogea uji. Beta-glukani ukiila, mwili hauna kimeng'enya cha kuikata. Nyingi huishia kwa bakteria wa utumbo mpana.

Watafiti wenzangu, tuwapime panya wenye uvimbe, tutoe majibu mawili: uboho umekuwaje, na uvimbe umekuwaje. Kabla ya hapo tuandike "vipande vimepungua", basi.

Mama mdogo nilimwambia: uyoga wa mboga, uliopikwa vizuri, kula. Unga usinywe kwanza. Beba kopo ukamwonyeshe daktari. Na safari ya Moshi usiiahirishe.