Adabu za Mfuga Konokono

Mbuzi mwenye kiu hulia mpaka jirani aje kukusuta. Kuku akikosa mtama atakuandama miguuni, na paka mwenye njaa atapanda mezani bila kuomba ruhusa. Konokono hasemi. Akikosa maji hujivuta ndani ya gamba, akaziba mlango kwa utando, akangoja. Na kungoja anakujua. Tarehe 25 Machi 1846, British Museum ya London ilimgandisha konokono wa jangwani kutoka Misri juu ya kibao cha maonyesho, wenyewe wakidhani ni gamba tupu. Machi 1850 wakashuku, wakamloweka katika maji ya uvuguvugu, na mzee akatoka akaanza kutembea. Miaka minne amegandishwa kwa gundi, na hakumnung'unikia mtu. Kwa mnyama wa namna hii, adabu yote ni juu ya mfugaji.

Kumfuga konokono kwa mapenzi tu, pasipo nia ya kumla, ni mazoea ya watu wengi Uingereza, na mmoja wa wanaopendwa sana huko ni mwenzetu: konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, Lissachatina fulica, ambaye asili yake ni pwani hii ya Kenya na Tanzania. Gamba lake laweza kufika urefu wa sentimita 20. Sisi tunamjua kwa msimu. Masika yakishuka yuko ukutani, yuko kwenye migomba, yuko chini ya papai lililodondoka, na mara nyingi salamu yetu kwake ni gao la chumvi. Kule yumo sebuleni na madarasani, ana jina lake, anakatiwa tango. Mtu wa Tanga akisimuliwa hayo atacheka, na ana haki ya kucheka. Ila akikaa akaitazama kazi ya mikono ya wafugaji wale, namaanisha wale wazuri, ataona ufundi wenye heshima yake.

Kazi yenyewe haina makuu. Sanduku la plastiki lenye kifuniko na matundu. Chini hutandikwa makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo huuzwa kule yakiwa yameshindiliwa mithili ya matofali (makumbi hayo hayo ambayo kwetu ni ya kuwashia moto, kule yana bei). Tandiko liwe na unyevu bila kutota. Mawe na vigae havitakiwi humo ndani, kwa kuwa konokono hupenda kupanda mpaka darini, na akianguka juu ya kitu kigumu gamba hupasuka. Chakula ni majani, tango, boga, kisiwe na chembe ya chumvi. Na chokaa isikosekane hata siku moja: mfupa wa ngisi uliooshwa vizuri, au maganda ya mayai yaliyopondwa. Konokono aliyenyimwa chokaa humgeukia mwenzake akaanza kulikwangua gamba lake, na hapo wa kulaumiwa si konokono.

Ufundi hasa unaonekana katika kumwinua. Mgeni wa kazi hulishika gamba akavuta. Mfugaji aliyefunzwa haguswi na haraka hiyo. Hunawa kwanza, akasuuza mpaka harufu ya sabuni iishe, kisha huacha mikono ikiwa na maji. Hupeleka kidole mbele ya konokono, chini kidogo ya kichwa, akangoja mnyama apande mwenyewe. Sababu ipo. Konokono ameshikamana na gamba kwa msuli, na pale kwenye mdomo wa gamba ndipo mwili unapojenga gamba jipya, pakiwa laini na pembamba. Ukimvuta kwa nguvu akiwa ameng'ang'ania ukuta, unaweza kumpasua mahali ambapo hutapaona. Akisharudishwa sandukuni, mfugaji hunawa tena, safari hii kwa sabuni ya kutosha, kwa kuwa konokono aweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, ambao ukimwingia binadamu huelekea kwenye ubongo. Kunawa kabla ni kwa ajili yake, kunawa baada ni kwa ajili yako.

Hayo yote mtu mwenye subira atayaweza. Mtihani unaowatenganisha wafugaji ni mayai.

Konokono huyu ni huntha: kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike, kwa hiyo kila mmoja aweza kutaga. Tena akishapandana mara moja huhifadhi mbegu mwilini kwa miezi mingi, hata yule uliyemnunua peke yake, ukamweka peke yake, aweza kukushangaza. Na hatagi mawili matatu. Mtago mmoja waweza kuvuka mia, na kwa mwaka hutaga zaidi ya mara moja. Piga hesabu mwenyewe. Ndiyo maana mfugaji mwenye adabu hupekua tandiko lile kila wiki, akaokota mayai kabla hayajaanguliwa, akayatia kwenye friza siku mbili, kisha akayaponda na kuwarudishia konokono wenyewe wayale, maana yamejaa chokaa. Wapo wanaoona huo ni ukatili. Mimi naona ukatili uko upande wa pili, kwa yule anayeacha mia tatu waanguliwe kwa kuwa wadogo wanapendeza, kisha anazunguka kuwagawa kwa kila mtoto wa mtaa, wakiwemo wale waliodumaa ambao hawatakua na hawatapona. Kumpa mtu mnyama mgonjwa kisha kuiita zawadi ni utovu wa adabu, hata mnyama mwenyewe awe na uzito wa punje ya mtama.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu usimpe jembe, maana shamba atalimaliza. Mwaka 1847 William Benson, mtaalamu wa konokono na mtu aliyejua anachokishika, alitoka na konokono hawa Mauritius akawaachia katika bustani ya Calcutta. Kutoka hapo Bara Hindi ikapata mdudu wa mazao ambaye haijamwondoa mpaka leo. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii na konokono watatu. Bibi yake akawatoa bustanini. Baada ya miaka saba walikuwa wameokotwa zaidi ya 18,000, na kuwamaliza kuligharimu dola zaidi ya milioni moja. Walionekana tena Miami mwaka 2011, na kazi ya kuwasaka ilichukua miaka kumi mingine. Leo Marekani ni marufuku kumfuga bila kibali. Bibi yule simlaumu sana. Alikuwa na huruma, na huruma isiyojua mambo ndiyo hufungua kifuniko. Benson ndiye namshangaa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza miongoni mwa wafugaji wa Uingereza, ile wanayoirudia mpaka inachosha, ni kwamba konokono wa kigeni hatolewi nje. Hata ukichoka naye, hata ukihama, hata akifa hutupi udongo wake bustanini kabla ya kuugandisha, maana yai dogo halionekani. Kanuni nyingine zinafuata hiyo. Usimtume konokono kwa posta wakati wa joto kali au baridi kali. Usimwambie mnunuzi kuwa ni aina fulani kama huna hakika. Usichanganye aina mbili katika sanduku moja. Na mgeni wa kazi akija kuuliza kwa nini konokono wake hatoki kwenye gamba, usimcheke. Muulize kwanza unyevu ukoje, joto likoje, anakula chokaa gani, alipatikana wapi. Nimewahi kuona watu wa fani nyingine, tena zenye shahada, wakijibu kabla ya kuuliza. Mfugaji mzuri huuliza kwanza, na asipojua husema hajui.

Uaminifu wa namna hiyo uliwahi kupimwa hadharani kwa sababu ya konokono mmoja wa kawaida wa bustani, aliyeokotwa kwenye lundo la mboji London. Gamba lake lilizunguka kushoto badala ya kulia, jambo la nadra mno, na viungo vyake vya uzazi vilikuwa upande usio wake, hivyo hakuweza kupandana na wenzake. Akapewa jina Jeremy, kwa utani juu ya Jeremy Corbyn, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto anayependa bustani. Mwaka 2016 Angus Davison wa Chuo Kikuu cha Nottingham akawaomba watu wamtafutie mwenzi. Walipatikana wawili: mmoja alikuwa wa mpenzi wa konokono huko Ipswich, mwingine alinusurika kutiwa kwenye chungu cha mapishi kisiwani Majorca. Wenye konokono hao wakawakabidhi. Wawili hao wageni wakapendana wao kwa wao, Jeremy akaachwa pembeni. Alibahatika mwishowe kupata watoto na yule wa Majorca, muda mfupi kabla ya kufa mwaka 2017, na watoto wote wakazunguka kulia. Dunia ilicheka. Mimi nawafikiria zaidi wale waliomtoa konokono wao wa nadra, wakamkabidhi mtu wasiyemjua, wakiamini kuwa atapewa maji.

Kutenganisha aina, kuandika hesabu, kujua kila mnyama ametoka wapi: haya huonekana kuwa udhia mpaka siku yanapohitajika. Mrumi Fulvius Lippinus alikuwa akiwatenga konokono wake kwa asili zao huko Tarquinii zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, ingawa yeye alikuwa akiwatafuta kwa tumbo. Katika zama zetu yamehitajika kwa konokono wa Partula, wadogo wa kukaa kwenye ukucha, wa visiwa vya Polinesia ya Ufaransa. Huko konokono wetu mkubwa alipelekwa akaharibu mashamba; ili kumkomesha akaletwa konokono mla nyama kutoka Florida, Euglandina rosea; naye akamwacha yule mkubwa akawala Partula. Kisiwani Moorea wala nyama hao waliletwa mwaka 1977, na miaka kumi baadaye Partula wa Moorea walikuwa wamekwisha porini. Waliosalia walikuwa wachache waliokusanywa na wanasayansi, akiwemo Bryan Clarke wa Nottingham, wakagawiwa kwenye bustani za wanyama za London, Edinburgh na kwingineko.

Kwa zaidi ya miaka thelathini watu walibadilisha tandiko, wakanyunyiza maji, wakahesabu, wakaandika, kila aina na sanduku lake. Wengine waliwafia mikononi: wa mwisho wa aina ya Partula turgida alikufa London mwaka 1996. Tangu 2015 wamekuwa wakirudishwa visiwani, kila mmoja akiwa na tone la rangi kwenye gamba ili atambulike. Mwaka 2024, kisiwani Moorea, walipatikana Partula tohiveana waliokomaa wasio na rangi yoyote, maana yake wamezaliwa huko huko porini.