Koo la Mmaasai na Mdundo wa Studio

Desturi ya studio za Tanzania yajulikana: mtayarishaji hutangulia kuunda mdundo, kisha mwimbaji huitwa aweke sauti yake juu yake. Kijana wa mjini haoni taabu. Bali wimbo wa Kimaasai, kwa asili, hauna ala. Yuko olaranyani, kiongozi wa wimbo, na kundi livumalo kwa koo chini yake, na mwendo wote hutoka katika pumzi na miruko yao. Mwimbaji wa namna hiyo akikabidhiwa mdundo wa mashine, nani amfuate mwenziwe?

Swali hilo ndilo liipalo uzito albamu ya "Maasai Hip Hop", iliyotolewa mwaka 2004 na Out Here Records ya Ujerumani. Wenyewe ni X Plastaz, kundi lililozaliwa Arusha, chini ya Mlima Meru, mwaka 1996. Humo Kiswahili na Kihaya hukutana na Kimaasai cha Yamat Ole Meipuko, aitwaye Merege. Msikilizaji mkali aweza kumhesabu Merege kuwa pambo la kuwavutia wageni, na kwa hakika jina la albamu lampa hoja, maana wengi wa wasemaji wake ni vijana wa mjini wasio Wamaasai. Hata hivyo, hoja hiyo hudhoofu kila mdundo unapopunguzwa na koo likaachwa litawale. Hapo mashine ndiyo mgeni. Panapokatwa sauti hiyo vipande na kurudiwarudiwa kama kibwagizo, lawama yarudi, tena kwa haki.

Faza Nelly, mmoja wa wasemaji hao, aliuawa mwaka 2006.