Merikebu ya Pili Isitufumbe Macho

Wengi wanaomsifu Thucydides humsifu kwa ile merikebu ya pili. Hata mimi naipenda, sikatai. Ila naona tunashangilia mapema mno.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 428 KK mji wa Mytilene, kisiwani Lesbos, uliasi dhidi ya Athens. Muungano wao ulianza 478 KK kwa ajili ya kupambana na Uajemi, lakini polepole washirika wengi wakageuka walipa kodi. Mytilene ulisalimu amri 427 KK. Raia wa Athens wakapiga kura: wanaume wazima wote wauawe, wanawake na watoto wafanywe watumwa. Merikebu ikaondoka na amri hiyo.

Kesho yake roho ziliwasuta, wakajadili upya. Cleon akang'ang'ania amri ibaki. Diodotus akapinga, akashinda kwa kura chache. Merikebu ya pili ikatoka mbio, wapiga makasia wakila shayiri iliyokandwa kwa divai na mafuta huku wanavuta, wakilala kwa zamu. Ilipofika, amri ilikuwa imeshasomwa, bado kutekelezwa.

Nani hapo hatashusha pumzi? Lakini sentensi chache mbele, kwa sauti kavu kabisa, Thucydides anatuambia kwamba walioonekana kuwa vinara wa uasi waliuawa, zaidi ya 1,000. Kuta zikabomolewa. Ardhi ikakatwa vipande 3,000, na wenyeji wakawa wanalipia kodi mashamba yaliyokuwa yao. Msomaji naye bado anajifuta jasho la merikebu.

Na huyo Diodotus tunayemwita mtu wa huruma? Yeye mwenyewe anaikataa sifa hiyo. Hoja yake ni hesabu tu: ukiwaua wote, mji mwingine ukiasi utapigana hadi mwisho, na magofu hayalipi kodi. Wale watu wa kawaida wa Mytilene, waliopewa silaha wakawageukia wakubwa wao kudai chakula, hawapewi hotuba hata moja.

Kwangu mimi, ukali wa kitabu uko hapo. Mwandishi ameweka msisimko wote baharini, kisha maiti akazitaja kwa mstari mmoja. Ukimsoma tena, usiishie bandarini. Teremka, usome polepole hiyo aya fupi inayofuata.