Krimu Isiyomwaga Maji: Saladi ya Matunda ya Sikukuu kwa Vitu vya Tabora

Saladi ya matunda yenye krimu huharibiwa na maji. Ichanganye saa nne asubuhi ili iliwe baada ya pilau saa nane mchana, na ukifunua bakuli utakuta embe zinaelea na krimu iliyokuwa nzito imelegea kama uji wa mgonjwa. Wengi hulaumu mtindi, au hulaumu friji. Mimi nadhani tatizo ni kwamba tunachukua mapishi ya watu tukaacha kiungo kimoja, bila kujiuliza kilikuwa kinafanya kazi gani.

Kiungo hicho ni mashimelo, vile vipande vyeupe laini vya sukari. Saladi hii ina asili ya kusini mwa Marekani, na katika kitabu cha mapishi cha Dixie Cookery cha mwaka 1867 ilikuwa ni machungwa, nazi ya kukunwa na sukari, basi. Mashimelo yaliingia baadaye, karne ya 20, pamoja na krimu. Watu huyaona kama pambo la watoto, kumbe ndiyo yanayoshika maji. Ni sukari na jelatini iliyopigwa ikajaa hewa. Yakilala kwenye krimu usiku kucha hunywa maji ya matunda, huvimba, kingo zake huyeyuka, na krimu huzidi kuwa nzito.

Tabora kuyapata ni kazi, na ukiyapata kuna swali la jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Mji huu Krismasi ya jirani ni sikukuu ya mtaa mzima, Waislamu na Wakristo kwenye mkeka mmoja. Chakula cha wageni kisimweke mtu kwenye mashaka. Basi kazi ya mashimelo tuigawe kwa vitu vilivyopo, nami naona vinaifanya vizuri zaidi.

Cha kwanza ni tende. Embe bivu ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, ilhali tende kavu ina maji kama asilimia 20 tu, iliyobaki sehemu kubwa ni sukari. Toa kokwa, kata kila tende vipande vinne, vilaze ndani ya mtindi mzito. Sukari huvuta maji yaliyo jirani, kipande kinavimba, ganda linalainika, na pembeni yake inatokea michirizi ya kahawia kwenye weupe wa krimu. Baada ya saa mbili ukikiuma ni laini, kinanata kidogo kwenye jino, kitamu bila ule utamu mtupu wa mashimelo. Wala tende si mgeni hapa. Waarabu wa Oman waliokaa Kazeh, yaani Tabora ya zamani, mmojawao Snay bin Amir aliyewapokea wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke Novemba 1857, walikuja na mazoea yao ya kula, na mitende ikapandwa Unyanyembe pamoja na miembe.

Krimu yenyewe ndiyo inayotaka subira. Maziwa mgando ya sokoni ni matamu kwa kunywa, lakini yaliyoganda yenyewe bila kuchemshwa huachia maji kirahisi mno. Chukua lita mbili za maziwa mabichi, yapashe hadi yakaribie kuchemka, nyuzi joto 85 hivi, uyashikilie hapo kwa dakika 10 hadi 15 huku ukikoroga. Hapo unaua vijidudu, na zaidi ya hapo zile protini ambazo kwa kawaida hutoka na maji hufunguka na kujishika kwenye kasini, protini kuu ya maziwa. Yakiganda baadaye, wavu wake unakuwa na matundu madogo na maji hayapati njia. Maziwa ya ng'ombe wetu wa kienyeji yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wa kisasa, na hilo nalo linasaidia.

Yaache yapoe hadi kidole kivumilie bila kuungua, tia vijiko vitatu vya mtindi mzuri, funika, fungia sufuria kwenye blanketi hadi asubuhi. Kisha mimina kwenye kitambaa cha melimeli kilichokunjwa mara mbili, funga, ning'iniza juu ya bakuli, ndani ya friji kama ipo, maana joto la Tabora kabla mvua hazijakolea huchachua mtindi upesi. Mwanzoni maji hutoka kwa kasi, yana ukungu. Baadaye yanakuwa matone safi ya rangi ya manjano inayoelekea kijani. Baada ya saa nne fungua, bonyeza kwa mgongo wa kijiko. Alama ikibaki bila kujifunika, acha hapo hapo. Ukiendelea kuchuja utapata jibini, na jibini ukiichanganya na matunda inakuwa chengachenga. Lita mbili hukupa chini kidogo ya kilo moja.

Sasa tia ubuyu. Namaanisha unga mweupe uliochekechwa, si ule wa peremende wenye rangi nyekundu. Mibuyu ya Ugogo ilikuwa kivuli cha misafara iliyotoka Bagamoyo kuja huku, na unga wake una pektini nyingi, kitu kilekile kinachogandisha jamu. Vijiko viwili vya chakula kwa kilo ya mtindi vinatosha. Ukali wake ungekata maziwa mabichi, lakini mtindi umekwisha kuganda, hauna cha kuogopa. Koroga, acha nusu saa unga uvimbe. Hapo ndipo utaona tofauti: krimu inang'ang'ania mwiko.

Kwenye matunda, embe ndiyo bibi harusi. Zile ndogo za nyuzi, zinazojaa kila uchochoro Tabora msimu ukifika, hazina mfano kwa kunyonya, ila ukizikata unabaki na nyuzi na maji. Nunua dodo, iliyoiva lakini bado inagoma kidogo chini ya kidole gumba. Ikate vipande vikubwa, maana kila unapopitisha kisu unafungua njia ya maji, na vipande vidogo vina majeraha mengi. Viweke kwenye chujio nusu saa. Usivinyunyizie sukari hata chembe: sukari juu ya tunda lililokatwa hulikamua kabla hujageuka.

Nanasi lina hatari nyingine. Bichi lina bromelaini, kimeng'enya kinachokatakata protini, na mtindi ukikutana nacho unalegea na kuwa mchungu. Ndiyo maana mapishi mengi ya Kimarekani husema nanasi la kopo, kwa kuwa la kopo limepita motoni. Letu tulipitishe wenyewe: vipande kwenye sufuria bila maji, vichemke katika maji yake kwa dakika tano, vipoe, vichujwe. Papai ni kesi hiyo hiyo, na tunaijua vizuri kutoka kwenye mishikaki, tunapolisugulia nyama ngumu ilainike. Kinachoweza kulainisha nyama ya ng'ombe hakitaionea huruma krimu. Mimi papai naliweka sahani ya pembeni.

Asali ni fahari ya mkoa huu, ya miombo ya Sikonge na kwingineko, na kishawishi cha kumimina ni kikubwa. Jizuie. Karibu sehemu moja kati ya tano ya asali ni maji, na sukari yake huyavuta ya matunda pia. Vijiko viwili, vikorogwe kwenye krimu na si juu ya matunda. Tafuta iliyorinwa bila moto mwingi. Yenye harufu ya moshi ni nzuri kwenye chai, kwenye embe inafunika kila kitu. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe saladi hii, kwa kuwa asali haimfai.

Kuchanganya ni rahisi ukifuata mpangilio. Krimu, ubuyu, asali na tende vilale pamoja saa mbili kwenye baridi. Embe na nanasi viingie saa moja kabla ya kula, kwa kugeuza taratibu kutoka chini. Ndizi na karanga ni za dakika ya mwisho, kwani ndizi hubadilika rangi na karanga ikilala hupoteza mlio. Karanga za kukaanga na kupondwa kidogo zitoke Urambo ukipenda, mojawapo ya sehemu ambapo Waingereza walijaribu mradi wao mkubwa wa karanga miaka ya 1940 ukawashinda, na wakulima wadogo wakaendelea kuzilima.

Yale maji ya mtindi usiyamwage. Changanya na yale ya embe yaliyodondoka kwenye chujio, tia tangawizi na barafu, wape wanaopuliza moto jikoni. Na Idd ikiangukia miezi isiyo na embe, weka machungwa yaliyomenywa hadi ile ngozi nyembamba ya ndani, maana ndiyo yenye uchungu, kisha punguza ubuyu hadi kijiko kimoja, kwa kuwa chungwa linakuja na ukali wake.