Swali Kabla ya Kufuta

Skripti nyingi za sheli hufanya kazi yake kimyakimya, na hazina haja ya kumuuliza mtu chochote. Lakini zipo zinazofuta, zinazoandika juu ya diski nzima, zinazozima seva iliyo mji mwingine. Hizo hazina budi kusimama na kumgeukia aliyezituma. Tazama mstari huu mmoja:

Zitafutwa faili 214 zilizomo /srv/bekapu/2019. Niendelee? [y/N]

Aliyeuandika hakuridhika na kuuliza "Una hakika?" Swali hilo limeenea mno na halimsaidii mtu, maana kila anayetoa amri huwa ana hakika tayari. Kinachomponza ni kudhani yumo kwenye folda nyingine. Hapa folda imetajwa kwa njia yake kamili, na faili zimehesabiwa kwanza. Aliyetarajia faili kumi akiona 214 atasita bila kuambiwa asite.

Kisha ile N kubwa. Kwa desturi ya terminali, herufi kubwa ndiyo jibu litakaloshikwa mtu akibonyeza Enter bila kuandika kitu. Programu ya apt, ikisakinisha, huweka Y kubwa, na inafaa, kwa sababu kilichosakinishwa kinaweza kuondolewa. Kwenye kufuta, Enter tupu lazima imaanishe hapana. Namheshimu sana mwandishi wa skripti anayeifikiria herufi hiyo upya kila anapouliza, badala ya kunakili swali la skripti ya jana.

Nyuma ya swali kuna amri ya read, ambayo ilikuwamo kwenye sheli ya Stephen Bourne iliyotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979. Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1989, imeiongezea swichi nyingi: -p ya kuchapa swali, -s ya kuficha nywila, -t ya kuweka muda wa kusubiri. Ni nzuri, ila si za kila sheli. Kwenye sheli ya Korn, -p ina kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo anayetaka skripti yake iende popote huchapa swali kwa printf, kisha huandika:

read -r jibu || exit 1

Mstari mfupi, lakini hakuna kilichowekwa hapo bure. Bila -r, mkwaju wa kinyume humezwa, na mtu aliyeandika C:\data hubaki na C:data. Hiyo || exit 1 inamhusu aliyebonyeza Ctrl-D, au ingizo lililokwisha: read hurudisha ishara ya kushindwa, na skripti inaondoka. Ikikosekana, skripti inayorudia swali mpaka ipate y au n itazunguka bila kikomo ikimuuliza mtu asiyekuwapo.

Jibu likishapatikana hupelekwa kwenye case. Y na y zinakubaliwa, yes pia, na chini kabisa hukaa nyota, inayopokea kila kilichobaki na kukihesabu kuwa ni kukataa. Sijui alama nyingine ndogo inayolinda vitu vingi kiasi hicho.

Ufundi wenyewe huonekana zaidi pale skripti inaposoma orodha ya majina ya faili kwa while read, na ndani ya mzunguko huo ikauliza swali. Vyote viwili, mzunguko na swali, vinakunywa kwenye mkondo mmoja. Swali linapotoka, "jibu" linalosomwa ni jina la faili inayofuata. Mtumiaji haoni nafasi ya kujibu. Faili moja inakataliwa, ya pili inatoweka kwenye orodha, na hakuna kosa linalotangazwa. Dawa ni kusoma jibu kutoka /dev/tty, yaani kwenye terminali yenyewe aliyokaa mtu, na kuiacha orodha na mkondo wake. Skripti ikiendeshwa na cron usiku, terminali haipo. Mwandishi makini hupima kabla ya mzunguko kuanza, kwa [ -t 0 ], kama ingizo linatoka kwenye terminali, na asipomkuta mtu, huacha kazi na kueleza kwa nini, isipokuwa kama swichi ya -y ilitolewa waziwazi.

Kuuliza kupita kiasi nako kunaharibu. rm -i huuliza kwa kila faili, na baada ya muda kidole hubonyeza y bila macho kusoma. Ndiyo maana rm ya GNU ina pia -I, inayouliza mara moja tu, faili zikizidi tatu au folda ikifutwa na vyote vilivyomo. Hata sentensi ndefu haitoshi peke yake. Mwaka 2021 Linus Sebastian wa Linus Tech Tips alikuwa akisakinisha Steam kwenye Pop!_OS. apt ikamwonya na kumtaka aandike sentensi nzima ya kukubali. Akaiandika neno kwa neno, na eneokazi lote likaondoka. Sentensi hiyo ilikuwa ileile kwa hatari yoyote, haikumtajia kinachopotea.

Sisi tunaowaandikia watumiaji wa Kiswahili tuna tahadhari moja ya ziada: tukiweka [n/h], n ya ndiyo itakutana na kidole kilichozoea n ya kukataa. Kwa sababu hiyo y/N iliachwa kwenye swali la juu, ingawa maneno yake ni ya Kiswahili. Kwa ufutaji mkubwa napendelea njia isiyotegemea lugha, ya kumtaka mtu aandike jina la folda yenyewe. Atalazimika kulitafuta kwenye skrini, alisome, aliandike herufi kwa herufi. Msimbo wake ni huu tu:

[ "$jibu" = "$folda" ] || exit 1

Alama za kunukuu zimewekwa ili hata jibu tupu, la aliyebonyeza Enter tu, lilinganishwe kama majibu mengine na kukataliwa bila sheli kulalamika.