Kusadikika na Mafunzo ya Kusema mbele ya Watu

Twasikia walimu wengi wakinena ya kuwa kitabu cha Kusadikika, alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1951, ni kizito mno kwa watoto wa miaka 12 au 13, nacho chafaa kuachiwa wanafunzi wakubwa. Sisi tumekisoma na watoto wa umri huo si mara moja, nasi twayapinga maneno hayo. Lakini hatutaficha mahali ambapo kitabu chenyewe kimepungua.

Habari yake mwaijua. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno mbele ya mfalme, kwamba afundisha watu uanasheria. Naye hajitetei kwa kukana tu, bali asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao, na kila mmoja aliporudi akatiwa gerezani. Yaani utetezi wake wote ni hadithi. Mchungaji asomaye haya hakosi kumkumbuka nabii Nathani, ambaye hakuanza kwa kumkaripia Daudi, bali alimsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake, hata mfalme akajihukumu nafsi yake asijue. Ni njia ile ile. Mtoto wa darasa la sita huitambua upesi kuliko tunavyodhani, kwa sababu nyumbani amekwisha kuona mzee akimkanya mtu kwa ngano pasipo kumtaja jina.

Basi hapo ndipo fasihi na kusema hadharani vinapokutana, nasi katika shule nyingi tumevitenga. Fasihi tumeifanya kazi ya kujibu maswali: mhusika mkuu ni nani, tabia zake ni zipi. Kusema hadharani kumekuwa kazi ya siku ya wageni, mtoto atoapo hotuba iliyoandikwa na mwalimu. (Kughani mashairi tumekuacha kwa sasa, hilo lina mambo yake.) Wala tusiseme ni makosa ya wengine. Mwaka mmoja tulimwandikia mvulana hotuba nzuri juu ya faida za miti, akaikariri yote asikose silabi moja. Wageni wakapiga makofi. Kisha mzee mmoja akamwuliza kwa upole ni mti gani alioupanda yeye mwenyewe. Mvulana akatutazama sisi. Jibu hakuwa nalo, maana hatukumwandikia. Akashuka jukwaani akilia, na muhula ule wote hakuinua tena mkono darasani.

Tangu siku ile twakitumia Kusadikika kwa namna nyingine. Mtoto hasomi maneno ya Karama. Hufunga kitabu, akasimama, akaeleza safari ya mjumbe mmoja kwa maneno yake. Mwenzake huwa Majivuno. Na hapo ndipo ila ya kitabu huonekana. Mtungaji amewapa watu wake majina yanayotangaza tabia zao, hata msomaji amjua mbaya kabla hajafumbua kinywa. Na mshtaki amepewa nafasi chache sana kuliko mshtakiwa. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali chini ya utawala wa Waingereza, akiandika juu ya wakubwa wasiopenda kuambiwa; yamkini mafumbo yale yalikuwa ngao yake. Sababu hiyo twaiheshimu. Lakini darasani Majivuno aliye dhaifu huwafundisha watoto ya kuwa kila apingaye ni mpumbavu au mwovu, na msemaji aaminiye hivyo hataona haja ya kusikiliza.

Kwa hiyo upande wa Majivuno twautafutia hoja zaidi ya zile za kitabuni. Safari moja tulimpa msichana ambaye sauti yake ilikuwa haifiki dawati la tatu. Akasimama, akasema: “Mjumbe arudiye na mambo ya ugenini, ni nani aliyeyapima kama yatufaa sisi?” Darasa likanyamaza. Karama wetu, aliyekuwa amejiandaa kwa ushindi mwepesi, akaomba akae kidogo afikiri. Mkaguzi angalikuwapo, angaliandika ya kuwa somo limekwama; sisi tulitazama saa, tukamwacha. Alipoinuka hakurudia aliyoyakariri. Alianza kwa kumkubalia mwenzake nusu ya maneno yake, kisha akaishika ile nusu ya pili. Na kengele ilipolia hajamaliza, wakatoka wote pamoja wakaendelea kushindana chini ya mwembe.