Waliolishuku Swali Lao

Michael Cole alifika Liberia mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya kupata shahada ya uzamivu. Alikuwa mtaalamu wa saikolojia ya maabara, kijana, na Afrika hakuijua. Mwenyeji wake, John Gay, alikuwa akifundisha katika Chuo cha Cuttington na alikuwa mtu wa hisabati aliyezijua njia za vijiji vya Wakpelle, mojawapo ya makabila ya nchi hiyo. Kilichowakutanisha ni hesabu za shuleni: watoto wa Kikpelle walikuwa wakishindwa nazo, na wakati huohuo kulikuwa na mpango mkubwa wa kuubadili ufundishaji wa hisabati Afrika, ule uliokuwa ukifanya warsha zake Entebbe, Uganda.

Ilikuwa rahisi kutafuta kasoro ndani ya vichwa vya watoto. Cole na Gay walianza kwa kuuliza watu wa huko hupima nini kila siku. Jibu lilikuwa mchele, unaouzwa sokoni kwa kopo. Wakaweka mchele kwenye bakuli na kuwaomba watu wakadirie ni makopo mangapi. Wakulima wa Kikpelle walikosea kidogo mno. Wamarekani watu wazima, walipooneshwa makopo sita, walikadiria zaidi ya mara mbili ya kiasi kilichokuwepo. Mwanahisabati peke yake asingelibuni jaribio hilo, na mtu wa maabara asingelijua kopo lenyewe.

Lakini kazi yao ninayoistahi kuliko zote ni ile ya kumbukumbu, ambayo Joseph Glick na Donald Sharp nao waliishiriki. Waliwasomea watu majina ya vitu 20 vya makundi manne: vyakula, nguo, zana na vyombo. Watu wazima wasiosoma shule walikumbuka vichache, na hata orodha iliporudiwa hawakuongeza sana. Mtafiti mwenye haraka angefunga daftari hapo na kuandika kwamba hawa hawana kumbukumbu ya kupanga mambo. Cole na wenzake hawakulifunga. Walileta vitu vyenyewe badala ya majina, mabadiliko yakawa madogo. Wakaweka viti vinne, kila kundi la vitu likaoneshwa juu ya kiti chake, na hapo watu wakaanza kukumbuka vizuri zaidi. Mwishowe wakavitia vitu vile katika hadithi.

Katika hadithi moja, wachumba wanakuja kumposa binti wa chifu, kila mmoja na zawadi zake. Waliosikiliza walivitaja vitu kwa mafungu, zawadi za mchumba huyu kwanza, kisha za yule. Katika nyingine, msichana aliyechukuliwa anaacha kitu kimoja kimoja njiani ili afuatwe. Hapo vikatajwa kwa mfuatano wa safari. Kumbukumbu ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na ilijua kujipanga. Kilichokosekana ni sababu ya kuipanga orodha isiyo na kisa. Ninaona uadilifu mkubwa katika kubadilisha jaribio mara kwa mara namna ile, maana kila badiliko lilikuwa ni kukubali kwamba huenda swali ndilo lenye upungufu.

Kitabu chao cha 1971 kuhusu utamaduni na kujifunza kilitoka na majina yote manne, Cole, Gay, Glick na Sharp. Glick ndiye aliyesimulia pia juu ya mkulima aliyeombwa kuvipanga vitu vinavyoendana. Mkulima aliweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu ndicho hukata chungwa, akasema mtu mwenye busara hupanga hivyo. Watafiti walikuwa wakisubiri makundi manne kama ya vitabuni, na hayakuja. Ndipo wakamwuliza mpumbavu angepangaje. Bila kusita akatenga vyakula huku, zana kule, nguo na vyombo kila kimoja mahali pake.

Swali hilo la pili halikuwa kwenye mpango wa utafiti. Aliyeliuliza alikuwa bado anasikiliza.